Mtani Hakasirikiwi

Kibuta, Kisarawe
29 Septemba 2024

Holo,

Sijakuita mtani, na nimefanya makusudi.

Simu ninayo na ina chaji. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ungenitumia kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi, nami ningekujibu kwa kingine, na mambo yangekuwa yamekwisha. Safari hii sitaki yaishe. Barua anayo Mjomba Salehe, anayepeleka mihogo soko la Maili Moja. Ukijibu, mpe yeye.

Matokeo ya sapu yametoka juzi. Kwenye Takwimu, mbele ya jina langu, hakuna alama. Kuna maneno: "Hakutokea bila ruhusa." Anayekosa mtihani wa marudio bila ruhusa harudii tena, anaondolewa chuo. Nimedisko, Holo. Neno lile tulilokuwa tunalitamka kwa kicheko kila tukipita dirisha la ofisi ya mitihani, sasa ni langu. Mama hajui. Amekaa eda, na kila asubuhi ananiuliza chuo kinafungua lini.

Nitayaandika yote kwa mpangilio, hata unayoyajua, kwa sababu nataka uyasome kwa mwandiko wangu.

Baba alifariki Ijumaa. Tulizika Jumamosi. Mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi. Wewe ulikuja msibani kutoka Kibaha, Msukuma peke yako katikati ya Wazaramo, na ulifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Ulivaa kofia ya baba, ukakaa kwenye kiti chake cha kamba, ukaanza kuita watu kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Ukamwagiza Bibi Tunu uji usio na mabonge. Wanawake walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Nami nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa pumzi kunishuka mpaka tumboni. Hilo nakushukuru, na sitalifuta hata nikiandika nini baada ya hapa.

Jumapili jioni nikautafuta mkoba wangu nijiandae kwa safari. Ndani yake kulikuwa na kitambulisho cha chuo na kibali cha mtihani. Haupo. Dada Maulida akaniambia huku anacheka kwamba unao wewe, umeondoka nao mpaka Kibaha, mtani kateka mali ya mfiwa na lazima tuikomboe. Nikakupigia. Ukasema mkoba unalala zizini na ng'ombe wenu, tulete jogoo. Nikakukumbusha kwamba kesho nina mtihani. Ukanijibu hivi: "Mtihani nimeshaongea na Dokta Eugenia. Wewe lia, mimi nimemaliza."

Dokta Eugenia ni mshauri wangu wa masomo. Wewe ndiye uliyekuwa unanifundisha Takwimu kwenye Dawati la Msaada, mwanafunzi kwa mwanafunzi. Kama mshauri wangu anajua na mwalimu wangu amemaliza, mimi ni nani nihangaike? Nikalia, kama ulivyoniagiza.

Hata hivyo asubuhi ya Jumatatu nilitaka kukufuata kwa pikipiki. Bibi Tunu alinishika mkono. Mtani hakasirikiwi, alisema, na msibani ndiyo kabisa, ukimnunia mtani unamwaibisha marehemu. Nikakaa. Nimekaa mpaka leo, nimekatazwa kukasirika.

Nataka jibu moja. Ulimwambia nini Dokta, na yeye alikuambia nini? Nijibu bila mzaha.

Rahma Hussen


Picha ya Ndege, Kibaha
1 Oktoba 2024

Wewe Mzaramo mkali,

Nimeisoma barua yako nimesimama sokoni, Mjomba Salehe ananitazama kama mimi ndiye ninayemwibia mihogo. Nikamwambia asinikodolee macho, watu wa kwenu mmeuza viwanja vyote vya Pwani hii mkachezea ngoma, sasa mnakuja kuwadai Wasukuma hata mikoba. Hakucheka. Hapo nikajua nyumbani mmechafuka kweli.

Umesema bila mzaha. Haya.

Nilikwenda kwa Dokta Jumapili ile ile baada ya ibada. Nilimkuta anaegesha gari nje ya ofisi. Nikamweleza kwamba umefiwa na baba na hutaweza kufanya mtihani. Akasikitika, akasema nikupe pole. Mimi nikaona imetosha. Chuo hiki sheria zake zinabadilika kila muhula, ningejuaje kwamba msiba nao una utaratibu wake?

Sasa na mimi niulize, kwa sababu hasira si mali ya Wazaramo peke yao. Likizo nzima sikurudi Ruvu kumsaidia mama kukamua. Nilibaki kwenye chumba hiki chenye bati linalowaka ili nikufundishe wewe. Unakumbuka jaribio la mwisho nililokupa kabla hujaenda kumuuguza mzee? Mchepuko uliukokotoa kinyumenyume, maswali mengine hukuyagusa. Ulitaka ufanyeje Jumatatu ile? Uende ukakae mbele ya karatasi udongo wa baba yako haujakauka? Ungefeli, Rahma. Ungefeli na ungedisko vilevile, tena kwa alama. Nilikutazama pale msibani, ulikuwa unashika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto.

Usinijibu bado. Soma hapa kwanza.

Kuna rufaa. Kamati inakaa Jumatatu. Nitakuja mwenyewe na kusema niliuchukua mkoba kwa utani wa msibani na wewe hukuweza kuudai kwa sababu ya mila. Mwenyekiti ni Profesa Mwinyimadi, mtu wa Pwani hii hii, utani ameuona tangu yuko mgongoni. Watacheka, watakusamehe, na mimi watanisamehe. Hakuna atakayeumia.

Mkoba uko salama. Hata zipu sijaifungua. Na jogoo bado nadai, usidhani barua kali inafuta deni.

Mtani wako,
Holo Kashinje


Kibuta
4 Oktoba 2024

Holo,

Nimekaa na barua yako siku mbili. Kitu kimoja kilikuwa kinanichoma na sikukijua jina. Leo asubuhi nilipokuwa natandika kitanda nimekijua.

Siku ile ya msiba, juu ya kitanda hiki kulikuwa na doti ya khanga mpya aliyoniletea shangazi. Kulikuwa na viatu vyangu vya kutokea. Simu yangu ilikuwa ukutani inachaji. Mtani anayetaka jogoo huchukua simu, Holo. Kila mtu anajua. Ukichukua simu ya mtu, jogoo anakuja mbio na kuku mwingine nyuma yake. Wewe uliviruka vyote ukachukua mkoba mchakavu, na huo mkoba ulijua una nini kwa sababu ulinisindikiza dirishani siku nilipopewa kibali na ukaniona nakiweka humo. Ndiyo maana hukuhitaji kufungua zipu.

Hukuteka mali ya mfiwa. Ulichukua kitu kimoja ambacho bila hicho mlinzi asingeniruhusu kuingia chumba cha mtihani.

Nasema haukuwa utani. Kataa.

Na kwa kuwa umelitaja lile jaribio la mwisho, ngoja nikuambie kilichotokea baada yake, kwa sababu hukuwahi kuniuliza. Nilikuja huku kumuuguza baba. Hakuwa analala mchana, alitaka kuongeleshwa. Sikuwa na hadithi, nilikuwa na daftari la Takwimu, basi nikamfundisha hilo. Nilimletea mihogo, nikaipanga mkekani, tukaipima kwa kamba, nikamwonyesha wastani. Alitazama sana. Akasema, "Huu wastani wako, mwanangu, hakuna muhogo hata mmoja hapa uliolingana nao. Sasa ni wa nani?" Nikamwambia ndiyo maana kuna mchepuko, ni kipimo cha kila muhogo umekaa mbali kiasi gani na ule muhogo usiokuwapo. Nilipolitamka ndipo nililielewa. Wewe ulikuwa umenipa kanuni muhula mzima na sikuwahi kujua inauliza nini. Tuliendelea hivyo mpaka alipochoka. Siku moja kabla ya kufa alimwambia Bibi kwamba mimi nitafaulu kwa sababu hata yeye sasa angefaulu.

Nilikuwa tayari. Labda si kwa alama za juu. Labda Jumatatu ile mikono ingetetemeka nikafeli kweli. Lakini ningekuwa nimefeli mimi. Hiyo nayo ni haki, kufeli kwa mkono wako mwenyewe, na wewe ulinipokonya ukanipa pole.

Sasa nitasema jambo baya, na nimelifikiria kabla ya kulisema. Kila uliyemfundisha Dawatini amefaulu. Unalisema hilo kwa watu, na Dokta Eugenia analisema kwa wageni wanaotembelea chuo. Mwakani Dawati linachukua msaidizi wa kudumu na jina linalotajwa ni lako. Mimi ningekuwa wa kwanza kufeli mikononi mwako. Aliyekosa mtihani kwa msiba hahesabiwi amefeli, anahesabiwa hakuwapo. Uliniondoa kwenye hesabu.

Nije Jumatatu nikae pembeni yako useme ni utani? Nitakuja, kwa sababu sina njia nyingine. Ila ujue kwamba mimi nitakuwa najua.

Rahma


Ofisi ya Dawati la Msaada wa Masomo
8 Oktoba 2024

Ndugu Rahma Hussen,

Yah: Rufaa yako kuhusu mtihani wa marudio wa somo la Takwimu

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Kamati ya Rufaa ilikaa tarehe 7 Oktoba ikasikiliza maelezo yako na ya shahidi wako, Ndugu Holo Kashinje. Kamati inakupa pole kwa msiba uliokupata.

Kamati inatambua kwamba utani ni sehemu ya mila zetu na inauheshimu. Hata hivyo, mzaha baina ya wanafunzi hauwezi kuwa sababu ya kukosa mtihani. Aidha, utaratibu unamtaka mwanafunzi aliyefiwa atoe taarifa yeye mwenyewe kabla ya mtihani, na ofisi hii haikupokea taarifa yoyote. Kwa sababu hiyo rufaa yako haikukubaliwa.

Kamati itakaa kwa mara ya mwisho tarehe 16 Oktoba kufunga mashauri yote ya mwaka. Iwapo una ushahidi mpya, uwasilishe kabla ya hapo.

Unakumbushwa pia kwamba huduma ya ushauri nasaha inapatikana bila malipo kwa kila mwanafunzi aliyesajiliwa.

Wako katika kujenga taaluma,
Dkt. Eugenia Raphael
Mshauri wa Masomo


Kibuta
9 Oktoba 2024

Holo,

Nimepokea barua ya Dokta. Huduma ya ushauri nasaha ni kwa mwanafunzi aliyesajiliwa. Nimeusoma mstari huo kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni.

Walicheka. Ulisema watacheka na kweli walicheka. Ulipofika pale uliposema mkoba ulilala na ng'ombe, Profesa Mwinyimadi alivua miwani akafuta macho, akasimulia jinsi watani wa babu yake walivyolikalia jeneza mpaka wakapewa mbuzi. Yule mama wa usajili naye akakumbuka ya kwao. Chumba kizima kilikuwa kinasimulia misiba. Nilikuwa nimekaa pale, na kifuani nina kitu kama gurudumu la baiskeli linalozunguka bila kugusa chini. Walikuwa watu wema. Waliniaga kwa kunishika mkono. Halafu wakanifukuza chuo.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Tulikwenda kuomba haki kwa jambo ambalo mila yenyewe imesema halina haki. Mtani hakosi. Kama hukukosa, basi nimekosa mimi, hayupo mtu wa tatu. Hata wao waliliona hivyo.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya kicheko chao.

Nilikuwa nakutazama. Kabla ya kuzungumza ulimtazama Dokta Eugenia. Ulipomaliza ulimtazama tena, kama mtoto aliyesoma shairi shuleni. Naye aliinamia karatasi zake. Jana nimepata maneno yake: "Ofisi hii haikupokea taarifa yoyote." Na barua yako ninayo, ya tarehe mosi: ulimkuta anaegesha gari, ukamweleza, akasikitika. Mmoja wenu ni mwongo. Na mlikuwa meza moja, na aliyekuwa mwongo alinyamaza, na aliyekuwa mkweli alinyamaza pia. Sioni tofauti.

Kuna kitu alikuambia siku ile kwenye gari ambacho hujaniambia. Nimekuuliza mara ya kwanza ukaniletea habari za viwanja na ngoma. Nakuuliza mara ya pili na ya mwisho.

Mkoba wangu bado unao. Kaa nao. Kitambulisho kilichomo ni cha mtu ambaye si mwanafunzi.

Rahma


Kibuta
10 Oktoba 2024

Kwa Holo binti Kashinje,

Haya ni maneno ya Bibi Tunu. Rahma ni mkono tu, nimemwambia akiongeza lake nitamjua.

We Msukuma. We ambaye ukimkuta mama yako na ng'ombe wamezama mtoni unauliza kwanza ng'ombe ana ndama? Hujambo? Mimi sijambo, magoti ndiyo yamehama.

Huyu mjukuu wangu halali. Anabana kalamu kama anamchinja kuku. Nimemwambia aliandike na hilo, kaliandika, mdomo kauvuta.

Mimi ndiye niliyemkataza kukukasirikia. Nilimkataza kwa sababu wewe ni wetu, Wanyamwezi na Wasukuma wote wetu, mababu zenu walipita hapa na mizigo vichwani tukawacheka na wao wakatucheka, na tangu hapo hatununiani. Nilipofiwa na mume wangu, mtani aliingia chumbani akaniambia mbele ya watu, "Nyamaza, huyu mzee ulikuwa unamchoka." Alikuwa amesema kweli, na pale hakuna mwingine ambaye angethubutu kunitamkia. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Anasema lile lililowakaa wafiwa kooni.

Sasa nasikia kuna jambo unalijua na umelimeza. Sikuulizi ni lipi. Mtani anayemeza maneno nimwite nani? Mgeni tu aliyekuja kula ubwabwa wa msiba akaondoka na mkoba wa watu.

Jogoo wako nimemfunga mguu, ananisumbua. Njoo umchukue, au sema.

Bibi Tunu


Ruvu
13 Oktoba 2024

Rahma,

Niko nyumbani. Barua zenu mbili zimenifuata huku, na mkoba nimempa Mjomba Salehe pamoja na hii. Sidai kitu.

Umeniuliza mara mbili alichosema Dokta kwenye gari. Alisema, "Mwambie anipigie mwenyewe kabla ya saa ya mtihani, hata kwa dakika mbili. Akinipigia namwahirishia leo hii." Namba yake unayo. Simu yako ilikuwa na chaji. Sikukuambia.

Sikukuambia kwa sababu nilikujua. Ungempigia, ukamsikia sauti, ukasema nakuja kufanya. Wewe ukisikia mlango unafungwa unaweka mguu. Nilitaka mlango ufungwe na mtu mwingine ili usiwe na pa kuweka mguu. Nilidhani msiba ni msiba, wataelewa baadaye. Na mkoba niliuchukua kwa sababu ile ile. Ulivyoniandikia kuhusu khanga na simu, nilikaa chini.

Kuhusu rekodi yangu Dawatini: niliposoma nilikutukana kwa Kisukuma kule chumbani Kibaha. Nilisema huyu Mzaramo amekosa adabu, mimi nimemtumikia likizo nzima. Nimekasirika siku kadhaa. Bado nimekasirika kidogo. Sasa mbona siwezi kusema si kweli? Nilipokuwa nakutazama na kile kikombe, nilikuwa nakuonea huruma, naapa. Na papo hapo nilikuwa nawaza nitamwambia nini Dokta ukifeli. Yote mawili yalikuwa kichwa kimoja. Sijui lipi lilinyoosha mkono likachukua mkoba.

La Dokta ni hili. Asubuhi ya Kamati aliniita ofisini kabla hujafika. Hakunitisha, alinipa chai. Akasema utani ndiyo njia nyepesi, wazee wanaupenda, tutacheka tumalize. Nikamuuliza, na ile Jumapili kwenye gari? Akasema, "Jumapili sikuwa kazini, Holo. Na wewe uliyepewa ujumbe hukuufikisha. Tukianza kuyafungua hayo, wa kwanza kuumia si mimi." Halafu akasema majina ya wasaidizi wa mwakani yanapelekwa mwisho wa mwezi na yeye ndiye anayeyaandika. Nikanywa chai yote.

Jana nimemsimulia baba. Alikuwa mtoni ananywesha. Hakuniuliza habari za chuo, aliniuliza kama yule mtoto alinikataza nisimfundishe. Nikasema hapana. Akauliza kama aliniomba nimfichie mtihani. Nikasema hapana. Akarudi kwenye ng'ombe wake. Mzee Kashinje kuniacha nimesimama hivyo, Rahma, ningeona heri anichape.

Tarehe 16 nitaingia mbele ya Kamati. Nitasema nilitaka usifanye mtihani na nikahakikisha hukufanya. Nitasema Dokta alikuwa na taarifa. Sitasema utani. Wakicheka nitasubiri wamalize.

Mwambie Bibi Tunu nimesema.

Holo


Kibuta
20 Oktoba 2024

Holo,

Mkoba ulifika kabla ya Kamati. Bibi Tunu ndiye aliyeupokea kwa Mjomba Salehe. Akauliza, "Jogoo kapewa na nani?" Mjomba akasema hakudai. Bibi akauweka mkoba mapajani, akaupapasa kama anatafuta kitu ndani bila kufungua. Akasema, "Basi huyo hakuwa anatania." Akaenda kumfungua yule jogoo mguu.

Hujui neno lile lilinifanya nini. Tangu baba afe nilikuwa na hasira isiyo na ruhusa. Nilikuandikia barua zile kama mtu anayeiba. Bibi alipotamka vile nilitoka nyuma ya nyumba, nikaenda mpaka kwenye shamba la mihogo aliyolima baba, nikakasirika kwa sauti. Sitakuandikia niliyoyasema. Mengine hayakuwa yako, yalikuwa ya baba kwa kufa wiki ile. Lakini mengi yalikuwa yako.

Nilikusikia mbele ya Kamati. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nilikuwa natazama shingo. Hukumtazama mtu. Ulipofika kwenye gari na ile Jumapili, Profesa Mwinyimadi aliinua mkono akakuuliza kama una hakika, ukasema, "Nina hakika. Na chai nilikunywa." Hakuna aliyecheka. Sikutegemea kwamba ukimya ule ungeniuma kwa ajili yako. Uliniuma. Nakuambia ili usidhani sikuona.

Uamuzi unaujua. Mimi nimerudishwa, nafanya mtihani maalumu Jumanne. Wewe umetolewa Dawatini na kusimamishwa muhula mmoja. Dokta Eugenia, kwa maneno yao, amepangiwa majukumu mengine. Watatu tulikaa kwenye kosa moja, na aliyelisema ndiye aliyekatwa zaidi. Nimeandika barua kwa Profesa kulalamikia hilo. Usinishukuru, sikuandika kwa upendo. Niliandika kwa sababu si haki, na nimechoka na watu wanaofanya mambo yasiyo haki kwa upendo.

Mama nimemwambia yote. Alisikiliza na ushungi wake usoni, kisha akauliza kama Jumatatu ile mikono ingetetemeka kweli. Nikamwambia sijui. Akasema basi Jumanne hii utajua.

Sijamtafuta mtu wa kunifundisha. Nina daftari na nina mihogo. Nikifeli, nitakuwa nimefeli mimi.

Jogoo sitakutumia. Nikikutumia jogoo itakuwa tumeukomboa mkoba, na ukikombolewa itakuwa ulikuwa utani, na mimi nitapaswa kucheka. Najua ndivyo ungependa. Hata mimi kuna saa ningependa.

Arobaini ya baba ni Jumatano. Wasomaji wanaanza asubuhi. Njoo. Sikuiti uje kama mtani, Bibi ameshawaambia watu kwamba hakutakuwa na mtani mwaka huu. Usivae kofia ya mtu, usikae kwenye kile kiti. Utakaa mkekani na wanawake wengine, utachambua mchele, na ukitaka kulia utalia, kwa sababu siku ile ya msiba ulitufanyia kazi ya kutuchekesha na hukupata nafasi. Baba alikupenda. Alikuwa anakuita yule Msukuma wa hesabu.

Nitakuwa bado nimekasirika. Uje hivyo hivyo.

Rahma